Tahariri: Blogu nzuri ni ile inayofunguka kwenye telefone ya msomaji

Katika miji ya Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, vijana wengi wameanzisha blogu. Wengine wanaandika juu ya usalama, wengine juu ya kilimo, mpira, muziki ao haki za wanawake. Ni jambo la kupongeza, kwani mambo ya mashariki mwa Congo hayapaswi kusimuliwa na watu wa mbali peke yao.

Lakini blogu nyingi zinapambwa kwa ajili ya mwenye blogu, si kwa ajili ya msomaji. Mwenyewe anaweka picha zinazopishana juu ya ukurasa, video inayoanza yenyewe, na vidirisha vya kukaribisha wageni. Anaifungua kwenye ordinatere ya ofisi yenye Wi-Fi na anafurahi. Msomaji wake yuko Masisi ao Fizi, ana telefone ya bei ndogo, na mega alizonunua zinahesabika. Ukurasa unazunguka tu. Mwishowe anaufunga: mega zimekwenda na habari hajaisoma.

Hapo ndipo kuna shida. Kila pambo linaloongezwa kwenye blogu, ni msomaji anayelilipa. Katika inchi ambamo wakaaji wengi wananunua intaneti kidogo kidogo, blogu nzito inamfungia mlango yule yule iliyoandikwa kwa ajili yake.

Kupunguza uzito si kazi ngumu, wala haiombi pesa nyingi. WordPress, programu iliyoanzishwa mwaka 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya tovuti nne kwa kila kumi duniani, ni ya bure. Inakuja na miundo ya sura yake yenyewe, nayo ni ya bure, myepesi, na inajipanga vizuri kwenye telefone. Mwenye kuanza achague mmoja wa miundo hiyo, abadilishe rangi, aweke nembo yake na aina moja ya herufi. Hiyo inatosha kuipa blogu sura yake.

Picha ndizo zinazokula mega zaidi. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye telefone inaweza kuwa na uzito wa mega tatu ao zaidi. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 mbele ya kuiweka kwenye blogu, mara nyingi inashuka chini ya robo ya mega, na jicho la msomaji halioni tofauti. Tangu mwaka 2021 WordPress inapokea pia picha za aina ya WebP, ambazo ni nyepesi kuliko zile za kawaida za JPEG.

Kisha kuna plagini, yaani programu ndogo zinazoongezewa kwenye blogu ili ifanye kazi fulani. Kwenye orodha ya WordPress ziko makumi ya maelfu, na hapo ndipo wengi wanapotea. Mtu anaweka plagini ishirini na tano, nusu yake hajui zinafanya nini. Kwa blogu ndogo, chache zinatosha: WP Super Cache, inayoweka kurasa tayari ili zifunguke upesi, UpdraftPlus, inayotunza kopi ya blogu yote, Akismet, inayozuia maoni ya matapeli, na Polylang, kwa wale wanaotaka habari moja isomwe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Hii ya mwisho inastahili kuangaliwa zaidi na wana blogu wa kwetu, kwani wengi wanaandika Kifaransa tu huku mama zao na majirani zao wanasoma Kiswahili.

Mbele ya kuweka plagini yoyote, ni vizuri kutazama tarehe ya mwisho iliposahihishwa. Ile iliyoachwa miaka miwili ao mitatu bila kuguswa ni mlango ulio wazi kwa wezi. Hatari ni kubwa zaidi kwa miundo ya kulipiwa inayogawiwa bure kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Mara nyingi ndani yake mumefichwa programu mbaya, na siku moja mwenye blogu anakuta ukurasa wake unatangaza michezo ya kamari.

Mashariki mwa Congo kuna jambo lingine lililo zito kuliko uzuri na mwendo. Picha ya telefone inaweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Mwandishi anaweza kuficha jina la mkimbizi ao la shahidi, halafu picha ikaonyesha kijiji chake. Kwa hiyo alama hizo ziondolewe mbele ya picha kutoka kwenye telefone, na kamera izimiwe kazi ya kuandika mahali. Vivyo hivyo fomu ya maoni isiombe zaidi ya inavyohitajika. Code du numérique, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu binafsi, na mwenye blogu ndogo asifikiri kwamba sheria hiyo ni ya makampuni makubwa tu.

Mwisho, kopi. Mwezi Agosti 2023, Skyblog, ambako vijana wengi wanaosema Kifaransa walianzia kuandika, ilifungwa. Hapa Congo, intaneti ilikatwa kwa karibu wiki tatu kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, nyuma ya uchaguzi. Mambo hayo mawili yanafundisha kitu kimoja: maandishi yanayokaa mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni pa mtu mwingine, yanaweza kutoweka ao kufungiwa bila mwandishi kuulizwa. WordPress ina sehemu ya kutoa maandishi yote katika faili moja. Faili hiyo iwekwe mara moja kwa mwezi kwenye ufunguo wa USB, na ufunguo usikae nyumba moja na ordinatere. Miaka hii, familia nyingi za Kivu zimekimbia bila kubeba kitu. Kopi iliyo kwa ndugu katika mji mwingine inaweza kuwa ndiyo pekee itakayobaki.

Mashirika yanayofundisha vijana kazi ya blogu yanapaswa kuanzia hapo. Mafunzo mengi yanaishia kwenye namna ya kufungua blogu na kuipamba. Siku moja ya ziada juu ya uzito, usalama na kopi ingesaidia kuliko vyeti. Na kila mwana blogu anaweza kufanya jaribio moja mbele ya kutangaza kazi yake: azime Wi-Fi, aazime telefone ya bei ndogo, anunue mega kwa franka zake mwenyewe, afungue ukurasa wake saa za jioni wakati mtandao ni mzito, na ahesabu sekunde. Kama yeye mwenyewe anachoka kungoja, msomaji wa Masisi alikwisha kuondoka.