Kamisheni za masoko ya mtandaoni: mfanyabiashara wa Mara anabaki na nini?

Mfanyabiashara wa dagaa wa Musoma siku hizi halazimiki kusafiri hadi Dar es Salaam kutafuta mteja. Anapiga picha bidhaa, anaiweka mtandaoni, anapokea oda, analipwa kwa simu na mzigo unapakiwa kwenye basi. Muuza asali wa Butiama na fundi cherehani wa Bunda wanaweza kufanya hivyo hivyo. Lakini kati ya bei anayolipa mteja na fedha inayomfikia muuzaji kuna makato. Kwa wanaouza kupitia majukwaa ya kidijitali, kato linalouma zaidi linaweza kuwa kamisheni.

Katika makala haya tunaeleza kamisheni hiyo inavyofanya kazi, na kwa nini suala la haki ndani yake si jepesi.

Dalali wa mtandaoni

Kamisheni si jambo geni kwetu. Mialoni na minadani, dalali humkutanisha muuzaji na mnunuzi, kisha anachukua chake. Soko la mtandaoni linafanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba dalali wa mwaloni unamwona, unabishana naye, na ukichoka unamwendea mwingine. Jukwaa huandika kiwango chake ndani ya masharti marefu, mara nyingi kwa Kiingereza, na linaweza kukibadilisha. Pia ndilo linaloamua bidhaa ya nani ionekane kwanza.

Hata hivyo, jukwaa nalo lina gharama: kutafuta wateja, kuendesha mfumo wa malipo, kushughulikia malalamiko na kuzuia matapeli. Kudai lisitoze kitu ni kudai lifungwe.

Hesabu inavyokwenda

Tuchukue mfano. Muuzaji ananunua dagaa kwa shilingi 70,000, anatumia 10,000 kwa vifungashio na usafiri, kisha anauza kwa 100,000. Faida yake ni 20,000.

Jukwaa likikata asilimia 15, linachukua 15,000 na yeye anabaki na 5,000. Likikata asilimia 25, linachukua 25,000. Hapo ameuza, mteja ameridhika, lakini yeye amepata hasara ya 5,000.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kamisheni hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Asilimia 15 ya mauzo katika mfano huu ni robo tatu ya faida yote. Ili abaki na faida yake ya mwanzo, muuzaji huyu angelazimika kuuza kwa karibu 118,000, na mteja anaweza kumkimbilia jirani asiyetumia jukwaa.

Tulichojifunza kwenye usafiri

Tanzania imewahi kujaribu kuweka ukomo. Mwaka 2022, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliagiza kamisheni ya kampuni za teksi mtandao isizidi asilimia 15. Madereva walikuwa wamelalamikia makato kwa muda mrefu. Aprili mwaka huo, Uber ilisitisha huduma zake nchini, ikieleza kuwa isingeweza kujiendesha kwa kiwango hicho. Baadaye LATRA ilipandisha ukomo hadi asilimia 25, pamoja na ada ya kuita gari ya asilimia 3, na Uber ikarejea mwanzoni mwa 2023. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2022, iliweka ukomo wa asilimia 18.

Kisa hicho kina pande mbili. Ukomo mdogo ulimlinda dereva kwenye karatasi, lakini jukwaa lilipoondoka, abiria aliowapata kwa njia hiyo waliondoka nalo. Ukomo mkubwa ulirudisha huduma, na makato yakarudi pia.

Mvutano huu hauko Afrika Mashariki peke yake. Apple, ambayo ilikuwa ikitoza asilimia 30 kwenye duka lake la programu, ilishusha kiwango hadi asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo kuanzia Januari 2021, baada ya kukosolewa vikali. Hatua hiyo inaonyesha kwamba kiwango kimoja kwa wakubwa na wadogo si lazima.

Muuza bidhaa analindwa na nani?

LATRA inasimamia usafiri, hivyo agizo lake halimhusu anayeuza dagaa au vitenge. Kwa bidhaa, mlango wa kubisha ni Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 dhidi ya udanganyifu na matumizi mabaya ya nguvu ya soko. Lakini malalamiko bila ushahidi hayafiki mbali. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, kabla ya kujiunga na soko lolote la mtandaoni, uliza: kamisheni ni asilimia ngapi, na inakatwa hata kwenye gharama ya usafirishaji? Fedha zangu zitakaa kwao siku ngapi? Mteja akirudisha mzigo, kamisheni inarudi? Kiwango kikibadilika, nitajulishwa mapema?

Majibu yapate kwa maandishi na uyatunze. Kisha piga hesabu kwa bidhaa moja kabla ya kupeleka mzigo wote. Kwa tunavyoona sisi, haki inaanzia hapo: muuzaji kujua atakatwa kiasi gani kabla ya kuuza, asije kukigundua salio likishaingia kwenye simu.