Michoro ya Mawe Haiponywi kwa Rangi



Mwezi huu najibu ulizo la kijana mmoja anayefanya kazi ya kuchimba. Anauliza hivi: "Pasta, nikipiga mwamba nikute picha za watu wa zamani juu ya jiwe, niziache ao nizivunje? Wengine wanasema njo alama za wachawi, wengine wanasema njo alama za dhahabu."

Ulizo hili ni la haraka kuliko mwenyewe anavyofikiri. Michoro ya namna hiyo iko katika inchi yetu wenyewe, na mashine za kuvunja mawe haziko mbali nayo.

Iko Kongo ya Chini, jimbo linaloitwa leo Kongo-Central, katika milima ya mawe ya chokaa inayoitwa Lovo, upande wa Mbanza-Ngungu na Kimpese. Katika miaka ya 1960 watafiti wawili, Paul Raymaekers na Hendrik van Moorsel, waliandika juu yake. Tangu mwaka 2007 mwingine, Geoffroy Heimlich, alipita kule pango kwa pango, akahesabu zaidi ya mahali 100 na michoro zaidi ya 5,000. Kuna mijusi, kuna watu, kuna misalaba. Rangi nyekundu ni ya udongo wenye chuma, na nyeusi ni makaa. Makaa yale yakapimwa umri, ikaonekana sehemu ya michoro ni ya wakati wa ufalme wa Kongo, ule ufalme ambao mfalme wake Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Basi yule anayesema haraka-haraka kwamba kila alama kwenye jiwe ni ya shetani, aende kwanza polepole. Anaweza kuwa anavunja kazi ya mkono wa mkristo mwenzake aliyeishi miaka 400 mbele yake. Wataalamu wenyewe bado wanabishana msalaba upi ni wa ubatizo na upi ni wa desturi ya Wakongo, na sisi hatuwezi kukata neno hilo kwa nyundo.

Sasa hatari yenyewe. Jiwe la chokaa ndilo linalopikwa kuwa simenti, na viwanda vya simenti viko upande uleule wa Lukala na Kimpese. Mwamba wenye michoro na mwamba unaotakiwa na kiwanda ni mwamba mmoja. Watafiti wameandika wazi kwamba milima ya Lovo inaweza kuliwa na kariere. Ninyi mnaojua dinamiti mnaelewa: kinachochukua miaka 400 kinaondoka mbele ya saa ya chakula.

Ndiyo sababu watu wa michoro wamekimbilia kompyuta, ile wengi tunaita ordinateri. Zamani kazi hii ilifanywa kwa mkono. Huko Kondoa, Tanzania, mwaka 1951, mama Mary Leakey na bwana wake Louis walikaa miezi chini ya mawe, wakiweka karatasi inayopitisha mwanga juu ya michoro na kuifuata mstari kwa mstari. Ni kazi ya uvumilivu, na mpaka leo ina faida. Lakini mkono unafuata tu kile jicho limeona, na pale rangi imefifia jicho halioni kitu. Wengine katika inchi mbalimbali walimwagia maji ukutani ili rangi iwake wapate foto nzuri. Foto ikapatikana, lakini maji yaliamsha chumvi ndani ya jiwe na kuharibu rangi.

Foto ya siku hizi ni vijinukta vingi sana, na kila kinukta ni namba tatu: ya nyekundu, ya kijani, na ya buluu. Kwenye ukuta mzee, namba za rangi na namba za jiwe zinapishana kidogo tu, hata jicho linaona ukuta mtupu. Mwaka 2005 Mmarekani mmoja, Jon Harman, alitoa programu inayoitwa DStretch. Hesabu yake ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya picha za dunia zinazopigwa kutoka angani. Inachukua tofauti ile ndogo na kuivuta mpaka inakuwa kubwa. Wachimbaji wa dhahabu hamhitaji kufundishwa jambo hili: unaosha mchanga kwenye karai, unazungusha, unamwaga, unazungusha, mpaka kile kidogo kilichojificha kinabaki peke yake. Ghafula ukutani anatokea twiga, ao mtu mwenye upinde, mahali ambapo watu walipita miaka na miaka bila kumwona.

Lakini angalisho. Rangi zinazotokea si za kweli, ni za kompyuta. Tena maji yenye kutu yaliyotiririka juu ya mwamba yanaweza kuonekana kama mchoro. Mtu asiye na uzoefu atatangaza amegundua simba, kumbe ni doa.

Namna ya pili ni kupiga foto nyingi huku unasogea hatua kwa hatua, kila foto ikipandana na ile ya mbele zaidi ya nusu. Kompyuta inatafuta alama zilezile katika foto zote, na kupiga hesabu ya mahali pa kila alama, kama vile macho mawili yanavyokuambia kikombe kiko mbali namna gani. Mwishoni unapata jiwe zima na mabonde yake na nyufa zake, unaligeuza kwenye kioo cha mashine kama kiazi mkononi. Ukirudi mwaka ujao ukapiga tena, unaweza kupima ufa umeongezeka kiasi gani.

Sasa juu ya kuponya michoro iliyoharibika. Huko Kakapel, Kenya, karibu na mpaka wa Uganda, watu waliandika majina yao juu ya michoro ya zamani, na ilibidi mtaalamu aletwe kuyaondoa polepole. Kazi hiyo ni ya gharama na si ya kila mtu. Kwenye kompyuta unaweza kufuta majina hayo bila kugusa jiwe, kuondoa moshi, kuunganisha kipande kilichoanguka, na kuonyesha watoto wa shule jinsi mchoro ulivyokuwa. Foto ya kwanza ihifadhiwe jinsi ilivyo, na ile iliyotengenezwa iandikwe kwamba imetengenezwa. Kwenye mwamba wenyewe mtu asipake rangi, hata kama anapenda sana michoro. Akipaka, kinachobaki ni mchoro wake yeye.

Kondoa ilipokelewa na UNESCO mwaka 2006 kati ya urithi wa dunia: mahali zaidi ya 150 penye michoro, katika eneo la kilometa za mraba 2,336. Na iko karibu nasi hapa Kalengera kuliko Lovo, tena karibu mara mbili. Hata kule hadithi ya dhahabu imefanya maovu yake. Pale Kolo watu walichimba chini ya mawe usiku wakitafuta mali wanayosema Wadachi waliificha wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Waliacha mashimo, wakaharibu udongo ambao ndani yake watafiti wangekuta majivu, mifupa na vyombo vya wale waliochora. Kijana wangu, mchoro hauonyeshi dhahabu. Kama ungeionyesha, waliochora wangekuwa wameichukua.

Na waliochora ni nani? Si kabila moja wala wakati mmoja. Katika kisiwa cha Mfangano, ndani ya ziwa Victoria, na kule Nyero, karibu na Kumi, Uganda, kuna duara ndani ya duara, zimepakwa kwa rangi nyekundu ao nyeupe. Wataalamu wengi, na wazee wa Mfangano pia, wanasema ni kazi ya Batwa waliokaa pale mbele ya wengine. Batwa! Jina lilelile la majirani zetu ambao wengine wetu hatutaki hata kukaa nao benchi moja kanisani. Waisraeli walisimamisha mawe 12 ya Yordani ili watoto wao waulize maana yake (Yoshua 4). Hawa nao wana mawe yao, na watoto wao wana haki ya kuuliza.

Kuna shirika la Nairobi linaloitwa TARA, lililoanzishwa mwaka 1996 na David Coulson, lililopiga foto za michoro katika inchi nyingi za Afrika. Kuanzia mwaka 2013 jumba la British Museum la London liliingiza foto zake kama 25,000 katika hazina yake ya kompyuta, na mwenye intaneti anaweza kuzitazama. Ni jambo jema. Hata hivyo nauliza: mama wa Kimpese anayelima chini ya mlima wa Lovo, nani amemwonyesha foto ya mlima wake? Mtu halindi kitu asichokijua.

Tusidanganyike pia kwamba foto inatosha. Watu wa Goma wanajua. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na leo baba anayetaka kuonyesha watoto wake mtaa ule wa zamani anatafuta foto. Anashukuru kuwa nayo, lakini haingii ndani ya nyumba ile. Mfupa wa Ishango nao, uliochimbuliwa mwaka 1950 kule kwenye ziwa Edward, uko Brussels. Watoto wa Vitshumbi wanauona kwenye kitabu.

Tena jambo hili linatugusa sisi wa machimbo kwa njia nyingine. Ndani ya telefone kuna tantali, inayotoka katika koltani kama ile ya Rubaya. Jiwe la milima yetu linasaidia kuhifadhi jiwe la milima mingine.

Basi ukikuta michoro, simamisha nyundo. Usimwage maji, usiguse kwa vidole, usifuate mistari kwa makaa. Piga foto ya mwamba mzima kutoka mbali, kisha karibu, asubuhi ao kivulini, bila jua kali. Weka pembeni rula ao kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, hata betri ya tochi, lakini isiguse rangi. Andika siku na jina la mahali. Mwambie chifu na mwalimu wa shule, na kupitia kwao habari ifike kwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, Kinshasa. Usitangaze njia ya kufika pale kwa watu wote, sababu wenye sururu nao wana telefone. Na foto zako uzihifadhi mahali pawili, moja kwako na moja kwa mtu unayemwamini, kwa maana vumbi la shimo linaua telefone mapema.