LA MKUTANO NA LISILO LA MKUTANO

Mkulima wa kahawa wa Rubwera hupalilia, huchuma, huanika, kisha huyapeleka magunia yake kwenye mizani ya chama cha msingi. Siku ya mkutano wa wanachama ndiyo siku yake ya kuuliza habari za jasho lake. Siku hiyo ikipotea kwa maneno yasiyohusu, aliyeibiwa ni yeye.

Kila aliyekaa katika mikutano ya namna hii ayajua haya. Mmoja asimama kudai mpaka wa shamba. Wa pili aleta ugomvi wa ukoo. Wa tatu, mwenye hamu ya udiwani, ajitangaza. Jua likielekea kuzama, hesabu husomwa mbio mbio, na watu wenye njaa huinua mikono kuzipitisha.

Twasema: mpaka wa shamba una baraza lake la ardhi kijijini, ukoo una wazee wake, na siasa ina jukwaa lake. Hata sisi watu wa chama tusiugeuze mkutano wa wakulima kuwa mahali pa kuombea kura.

Lililo la mkutano ni mizani, bei, makato na malipo ya pili. Ni ugonjwa wa mnyauko unaokausha mibuni. Kadhalika ni butura, yaani kuuza kahawa ingali maua. Wengine husema hiyo ni aibu ya mtu nyumbani kwake. La! Mzazi auzaye maua kwa sababu ya ada ya shule aonyesha kwamba chama hakina mfuko wa kumkopesha, na hilo ni la wote.

Lakini tusidanganyane. Neno "hilo si la mkutano" limekuwa pia fimbo. Mwanachama auliza mbona makato yameongezeka, naye hujibiwa kwamba swali halimo katika ajenda. Tume ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 iliona kwamba wanachama wengi hawakuvielewa vyama vyao, na kwamba uongozi haukuwa karibu nao. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Chama ambacho wenyewe hawakijui hakina wa kukitetea.

Basi kipimo na kiwe kimoja: je, jambo hili lagusa kahawa ya wote au fedha ya wote? Likigusa, lijadiliwe, hata likimchoma mwenyekiti. Lisipogusa, liondoke, hata likiletwa na mkubwa.

Ajenda ibandikwe mlangoni pa ghala juma zima kabla ya mkutano, na mwanachama awe na haki ya kuongeza lake. Hesabu zisomwe asubuhi, watu wakiwa na nguvu ya kuuliza. Salamu za wageni zije mwisho.

Wanachama, mkutano ni shamba lenu. Ling'oeni gugu, lakini msikubali mtu ang'oe mbuni akisema ni gugu.