Fundi wa Kilombero na karatasi inayomshusha bei

Mnunuzi wa mchele anayefika Ifakara kutoka Dar es Salaam hanunui gunia kwa sifa za muuzaji. Huchoma bambo, humwaga punje kiganjani, hutazama chenga, hutafuna mbili tatu, ndipo anapotaja bei. Muuzaji naye hakasiriki, kwa kuwa ndivyo soko lilivyo. Katika bonde hilo hilo la Kilombero ipo bidhaa nyingine inayouzwa bila bambo, nayo ni ujuzi wa mafundi, wachomeleaji, wapimaji, waendesha mitambo na wadodosaji wa utafiti wanaoishi kwa mikataba ya muda. Mnunuzi asiyeweza kuonja hutaja bei ya chenga. Sehemu kubwa ya kosa iko kwenye karatasi moja, wasifu wa kazi, ambao mitaani huitwa sivii.

Kazi za kuandika katika karatasi hiyo hazikukosekana. Kiwanda cha kwanza cha sukari cha Kilombero kilianza mwaka 1962. Reli ya TAZARA, inayokatiza bonde kupitia Ifakara na Mlimba, ilikabidhiwa 1976. Mtambo wa umeme wa Kidatu ulikamilika 1980 ukiwa na megawati 204, na ule wa Kihansi wa megawati 180 ulifunguliwa mwaka 2000. Mashamba ya misaji yalianzishwa 1992. Daraja la mto Kilombero lenye urefu wa mita 384 lilifunguliwa Mei 2018, na wakati huo huo likawekwa jiwe la msingi la barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara. Kila mradi uliacha nyuma watu walioshika kazi kwa mikono yao. Kinachoshangaza ni kwamba mradi unaofuata unapofika, wengi wa watu hao huanza upya, wakipanga foleni getini pamoja na vijana wasiowahi kushika pimamaji.

Ukitazama wasifu wanaoupeleka, sababu inaonekana. Umechapwa katika kibanda cha huduma za kompyuta, kutokana na fomu moja ambayo mwenye kibanda humbadilishia kila mteja jina na tarehe ya kuzaliwa. Nusu ya ukurasa wa kwanza ni hali ya ndoa, dini na shule ya msingi. Chini yake ni mambo anayoyapenda, yaani mpira wa miguu na kusikiliza redio. Miaka 20 ya kazi inapewa mstari mmoja: "Nina uzoefu katika ujenzi." Huo ni wasifu wa kijana anayeomba ukarani katika shirika la umma, enzi ambazo mwajiri alitaka kujua umesoma wapi kwa sababu angekaa nawe hadi ustaafu. Mtu wa mikataba hauzi miaka ijayo. Anauza kazi alizokwisha kuzimaliza, hivyo kazi hizo ndizo zikae juu, na shule ziende chini kwa mistari miwili.

Msimamizi wa mradi mwenye rundo la karatasi mezani hutafuta majibu manne tu: ilikuwa kazi gani, ilikuwa kubwa kiasi gani, mwombaji alishika sehemu ipi, na nani anaweza kuthibitisha. Tuseme ni mchomeleaji ambaye huchukuliwa kiwandani kila mwaka wakati wa masika, usagaji wa miwa unaposimama na mitambo kufanyiwa matengenezo. Akiandika "nimefanya kazi viwandani", hajasema kitu. Akiandika "Kuchomelea mabomba ya mvuke, matengenezo ya msimu, miezi mitatu kila mwaka kwa misimu mitano; msimu wa tano niliongoza wachomeleaji sita; kazi ilipimwa kwa shinikizo la maji na kupokewa bila kurudiwa", msimamizi amekwisha kuonja. Maneno "bila kurudiwa" yana thamani kuliko "mchapakazi na mwaminifu", ambayo kila mtu huyaandika na hakuna anayeyasoma.

Tatizo la pili ni wingi. Mdodosaji aliyezunguka vijijini kwa tafiti kumi za afya akiziorodhesha moja moja hujaza kurasa nne, na msomaji huishia ya kwanza. Afadhali azikusanye kwa aina ya kazi: tafiti za kaya, ukusanyaji wa mbu, ufuatiliaji wa wagonjwa. Chini ya kila kundi ataje mbili zilizo kubwa, idadi ya kaya alizofikia, na kama alitumia vishikwambi au madodoso ya karatasi. Kurasa mbili zinatosha hata kwa mtu wa miaka 25 kazini.

Kuna pia mapengo. Mtu wa bondeni huacha saruji mvua zinapoanza, huingia shambani na kutoka baada ya mavuno ya mpunga. Afisa aliye Dar es Salaam huona miezi kadhaa mitupu akadhani mtu alifukuzwa. Mstari mmoja unaosema "Desemba hadi Mei, kilimo cha mpunga" unaondoa shaka hiyo, na hauna aibu yoyote.

Neno linalohitaji tahadhari ni "mkandarasi". Sheria Na. 17 ya mwaka 1997, iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, inamzuia mtu asiyesajiliwa kufanya biashara ya ukandarasi. Fundi asiye na usajili anayejiita mkandarasi kwenye wasifu anajitia mashakani kwa neno ambalo halimwongezei kitu. "Fundi mwashi wa mikataba" inatosha. Mwenye usajili ataje daraja lake mstari wa kwanza, pamoja na namba ya mlipakodi, kwa sababu mhasibu wa mradi ataiomba kabla ya kulipa. Aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa na VETA na kupewa cheti kinachotambua ujuzi wake, hata kama hakuwahi kukaa darasani. Cheti hicho kiwe ukurasa wa kwanza, lakini kisichukue nafasi ya kazi. Namba ya simu iwe ile inayopokelewa. Wapo wanaobadili laini na kuacha wasifu ukiita hewani.

Wapo watakaosema haya yote ni bure, kwamba kazi bondeni hupatikana kwa kujuana. Ni kweli kwa nyumba ya mtu Kibaoni au choo cha jirani. Kampuni inayotoka nje ya mkoa haina mjomba Ifakara. Tena zabuni za Serikali tangu mwaka 2023 hupita katika mfumo wa NeST, na mkandarasi anayeshindania kazi hutakiwa kuonyesha watu wake na uzoefu wao. "Namfahamu" haipakiwi kwenye mfumo. Mkandarasi akikosa wasifu wa fundi wa hapa, huweka wa fundi anayekuja naye, na wa hapa hubakiwa na koleo kwa malipo ya siku. Kujuana humfikisha mtu getini, lakini malipo hupangwa ofisini, na ofisini husomwa karatasi.

Kutia chumvi nako hakufai. Anayejiandika msimamizi wa zege darajani ajue kwamba nusu ya waliokuwapo bado wako hai na wana simu.

Lililo gumu kuliko yote ni shahidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mwajiriwa hati ya utumishi mkataba unapokoma. Mtu anayejitegemea hana haki hiyo. Asipoiweka kwenye mkataba wake mwanzoni, huondoka na fedha tu. Miradi nayo hufa na kumbukumbu zake: wahandisi Wachina wa reli walirudi kwao, kampuni za mitambo zilifunga ofisi, na mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mikataba mingi ya mashirika ilikatwa katikati na waliokuwa wakiisimamia wakatawanyika. Aliyekuwa na barua yenye muhuri, jina la kazi, tarehe na ukubwa wake, alibaki na kitu cha kuonyesha mradi mwingine. Barua hiyo huombwa katika wiki ya malipo ya mwisho, kabla kontena la ofisi halijapandishwa kwenye lori.