DADU SI MWALIMU

Ndugu Waislamu, hapa Bungu, ukipita kando ya barabara iendayo Lindi baada ya Sala ya Alasiri, utawaona vijana wameinamia ubao wa ludo. Ukiwakanya watakujibu: "Sheikh, mchezo tu huu, hatuweki pesa." Jibu hili yafaa tulipime.

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Kete haitoki nyumbani mpaka dadu itue sita. Ikitua sita, mchezaji hutoa kete na huongezewa kutupa. Kwa kanuni za wengi, sita tatu mfululizo humpotezea zamu. Je, aliyepata sita ametenda nini cha kusifiwa? Na aliyepoteza zamu amekosa nini? Hakuna! Dadu ina nyuso sita. Atupe hodari au atupe mjinga, bahati yao ni moja. Katika kila watu watatu wanaotupa mara sita, kwa wastani mmoja hataiona sita kabisa. Lakini aliyeipata hujigamba kama aliyepalilia heka nzima ya mikorosho!

Watasema: "Mbona wazee wetu walicheza bao?" Naam, walicheza. Bao lina mashimo 32 na kete 64, wala hapana kubahatisha. Anayeshindwa ameshindwa kwa hesabu yake mwenyewe, na kesho atajirekebisha. Tofauti hii sikuizua mimi. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii waliitenga sataranji na nardi, mchezo wa dadu. Sataranji hutegemea fikra, wakaihesabu makuruhu. Nardi hutegemea kubahatisha, na kauli yenye nguvu ni kuwa ni haramu, hata bila ya pesa. Katika Sahihi ya Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwenye kuicheza na mtu aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Pesa hazikutajwa.

Na pesa nazo haziko mbali. Msimu wa korosho ukifika, "mchezo tu" huwekewa soda, kisha noti. Hapo imekwisha kuwa kamari iliyokatazwa katika Sura ya 5, Aya ya 90. Na kijana aliyezoea kungojea sita, atangojea mkorosho kwa subira gani?

Enyi wazazi, msiwapokonye ludo mkawaacha mikono mitupu. Wafundisheni bao, mkae nao, na muadhini akiadhini, nyote mwinuke.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.