Msituletee redio mpya, tuleteeni matundu

Mzee alipoiweka redio juu ya meza yangu ya ufundi, alikuwa ameshamaliza matanga yake. "Imekufa, mwanangu," akaniambia. "Nimeipa mawe mapya mara tatu, haitaki hata kukohoa." Aliinunua Isiolo mjini kwa muuza mitumba, na huko ilikuwa ikiimba vizuri. Ilipofika huku kwetu Kipsing ikanyamaza.

Nikaiwasha. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Nikazungusha kitufe cha stesheni huku na huku, kimya. Basi nikatoa hedifoni zangu mfukoni, nikachomeka pini, nikamwambia, "Apaiyia, hebu sikiza," nikamtia kipande kimoja sikioni. Macho yakamtoka. Msomaji habari wa Redio Taifa alikuwamo humo ndani, mzima wa afya, anaendelea na kazi yake. "Kumbe wamejificha!" mzee akacheka mpaka fimbo ikamponyoka.

Redio za namna hii naletewa kila mara, na karibu zote huja na maneno yale yale: imekufa. Wachache wanajua kwamba ugonjwa uko kwenye tundu la hedifoni, ambalo wengine hawajalitumia tangu wanunue redio yenyewe. Ndani ya tundu hilo mna vijibati viwili vyembamba. Pini isipokuwamo, vijibati hugusana na sauti hupitia hapo kwenda kwenye spika. Ukichomeka pini, kimoja husukumwa kando, njia ya spika inakatika, sauti yote inahamia masikioni. Ukichomoa, kinatakiwa kurudi mahali pake. Kikipinda, kikishika kutu, au chembe ya mchanga ikikaa katikati, hakirudi. Redio inaamini kuna mtu amevaa hedifoni, inamsomea habari mtu ambaye hayupo.

Na mchanga hapa hatuuombi. Mto wetu wa Kipsing kwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara ya mchanga mtupu, ng'ombe wakiuvuka vumbi linapanda mpaka madukani. Ukiifungua redio iliyokaa Kipsing miaka miwili, unaweza kuipepeta.

Matibabu ya mzee yule yalikuwa matone ya spiriti, pamba iliyoviringwa kwenye mwiba wa mgunga, na kukiinua kile kijibati kwa ncha ya sindano, upana wa unywele tu. Kazi ya dakika kumi. Mawe aliyoyatupa bure yalimgharimu zaidi kuliko malipo yangu. Nauli ya kuirudisha Isiolo ingemgharimu zaidi, na siku yake nzima ingeishia njiani.

Simu nazo zina kichaa chao kutoka tundu hilo hilo. Uchafu wa mfukoni ukijaa ndani, simu inaonyesha alama ya hedifoni wakati hakuna hedifoni. Mtu anapiga, wewe unasema "haloo, haloo", husikii kitu, unailaumu mitambo ya mtandao. Tena simu nyingi za vitufe hutumia waya wa hedifoni kama antena ya FM. Tundu likifa, redio ya simu inakufa nalo, na mchungaji aliye mbali na mnara hana tena njia ya kusikia bei za mnada wala habari ya mvua. Miaka ile mvua ilipotukimbia misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, watu walikuwa wakisogea na mifugo kwa habari za kusikia. Anayesikia mapema ndiye anayefika majani yakiwapo.

Vyombo vikubwa ndivyo vinavyonikasirisha. Kanisa moja la hapa liliniletea amplifaya iliyotumika Uingereza, nzito kama mbuzi aliyeshiba, tundu lake ni lile nene la milimita 6.35. Tundu nene lina ukoo wa heshima: lilizaliwa karne ya kumi na tisa kwenye mitambo ya simu, ambako wahudumu waliunganisha wapigaji kwa kuchomeka na kuchomoa pini kutwa nzima. Lilitengenezwa kuvumilia. Lakini aliyeunda amplifaya hii aliliunga moja kwa moja kwenye bodi, bila nati ya kulishika ukutani mwa kasha, ili aokoe senti chache. Kila mpiga kinanda akikwaa waya, uzito wote unaangukia solda. Solda hupasuka taratibu, ufa wa mviringo kuzunguka mguu, huuoni mpaka uinamishe bodi kwenye jua. Niliiyeyusha upya, nikakata pete kutoka mkebe wa maziwa ya unga nikaitumia kulikaza tundu kwenye kasha. Jumapili tatu sasa haijalia vibaya. Mwimbaji ni hadithi nyingine.

Nisijisifu kupita kiasi. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na kifaa cha kuchomea cha umeme. Nilipasha bisibisi kwenye jiko la makaa. Nikaunguza tundu la redio ya mama mmoja, plastiki ikayeyuka kama mafuta ya mkia wa kondoo. Nililipa redio ile kwa awamu. Leo nina paneli, betri ya gari na kifaa cha wati thelathini, lakini hasara ile ndiyo iliyonifundisha kwamba solda inataka mkono mwepesi, gusa, hesabu mbili, ondoa.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Huku kwetu miradi huja. Gari linasimama, watu wanapiga picha, redio mpya zinagawiwa, taa za sola zinagawiwa, gari linaondoka. Nashukuru, asante sana. Shule zilipofungwa Machi 2020 na masomo yakapitia redio ya taifa, KBC, redio ilikuwa darasa la watoto wengi, na sitamcheka aliyewapa. Ila baada ya mwaka mmoja nusu ya redio hizo ziko mezani kwangu, na zile za aina moja zote zimevunjika mahali pamoja, kwenye tundu. Na mimi sina tundu la kuweka. Kipuri chenyewe, ukinunua kwa pakiti Luthuli Avenue, Nairobi, bei yake ni ya peremende. Hapa Kipsing hakipo kwa bei yoyote. Naishia kung'oa redio moja kuponya nyingine, kama mtu anayemla ng'ombe wa maziwa.

Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka wa 2022, na ndani yake mtengenezaji na mwingizaji bidhaa wanabebeshwa jukumu la bidhaa hata baada ya kuiuza. Ni jambo jema. Lakini mjadala ninaousikia wote ni wa taka: nani akusanye, nani asage, nani alipe. Redio ya mzee haikuwa taka. Ilikuwa na uchafu wa kijibati kimoja. Ufaransa tangu 2021 inataka baadhi ya vifaa viuzwe vikiwa na alama, kati ya kumi, ya jinsi vinavyotengenezeka. Umoja wa Ulaya ukapitisha mwongozo wa haki ya kutengeneza mwaka wa 2024. Vitu vinavyotengenezeka vikibaki kwao, vile visivyofunguka vitasafiri kwenda wapi? Vitakuja huku kwa jina la mitumba.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti na kwa kila mwenye gari la mradi ni dogo. Katika kila redio mia, punguzeni kumi. Hela za hizo kumi nunueni matundu, swichi, spika ndogo na solda, mtie kwenye sanduku, mliache kwa fundi wa Kipsing, wa Oldonyiro, wa kila senta. Kabla ya kununua hizo tisini, fungueni moja mwangalie kama tundu lina nati. Najua nitaambiwa natafuta mali yangu. Ni kweli, natafuta. Duka la dawa pia linapata faida, na hatujalifunga.

Mzee alirudi wiki mbili baadaye, redio ikiwa nzima. Alitaka niliue tundu kabisa. Wanawe walikuwa wakichomeka hedifoni, habari zinaishia masikioni mwao, boma zima linabaki linauliza kumesemwa nini. Nikamfungia: tone la solda kati ya mguu wa sauti na mguu wa spika, sasa spika inaongea daima, pini iwemo isiwemo. Akaondoka ameridhika.

Juzi akaja mwanawe, morani, redio ile ile mkononi. Wanahamia malisho ya mbali. "Usiku huko hatuwezi kuwasha spika," akaniambia kwa sauti ya chini. "Itamwambia kila mtu tulipolala." Anataka tundu lifunguliwe. Nikaikwangua ile solda, lakini kijibati kilikuwa kimeshachoka, kikakatika kwenye kibano. Nikamwaga mkebe wangu wa vipuri mezani. Lilibaki tundu moja, la miguu mitatu. Redio yake inataka la miguu mitano.