Fupi Wapi? Spana Ndogo na Breki za Kiti cha Mama

Nianze na msimamo wangu kabisa, halafu mnibishie: nyumba yenye kiti cha magurudumu haihitaji sanduku la spana la vipande mia. Inahitaji spana tatu au nne za Allen zenye shingo fupi, za chuma kizuri. Ukiongeza moja ya nyota kama kuna baiskeli mlangoni, umemaliza.

Tukiongea kuhusu kuwatunza wazazi huku ughaibuni, tunaongea dawa, wakalimani wa hospitali, na nani atakaa na mama Jumamosi. Skrubu hazitajwi. Lakini mzazi anapohama kutoka kwenye kiti kwenda kitandani, kinachomlinda asianguke ni breki mbili ndogo, moja kila upande, na kila moja imeshikwa na bolti moja au mbili tu. Bolti zikilegea, au tairi likichakaa, breki inaligusa tairi bila kulibana. Mama anaegemea, anajiinua, kiti kinarudi nyuma. Mwenye mzazi wa miaka themanini hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tazama breki hiyo imekaa wapi. Kwenye viti vingi vya kusukuma kwa mkono imefungwa kwenye bomba la fremu, mbele kidogo tu ya gurudumu kubwa. Kichwa cha bolti kina tundu la pembe sita, mara nyingi la milimita 4 au 5, na kwenye baadhi ya viti kinatazama gurudumu lenyewe au bomba jingine. Spana ya kawaida ya Allen ya milimita 5, ile fimbo iliyokunjwa kama herufi L, ina shingo ya karibu sentimita 3. Nafasi iliyopo ni sentimita 2. Haingii. Unaiinamisha, inaingia nusu, unaizungusha, pembe zinalika. Hapo bolti nzima imegeuka kuwa bolti mbovu, na breki bado imelegea.

Kuna watakaosema: toa gurudumu, nafasi itapatikana. Ni kweli, na kama gurudumu lako linatoka kwa kubonyeza kitufe cha katikati, weka alama ya penseli kwenye fremu, litoe, ukaze kwa raha. Ila breki inapimwa kwa umbali wake na tairi. Bila tairi mahali pake unakisia tu. Utakaza, urudishe gurudumu, ujaribu, uone bado, ulitoe tena. Na vile viti vyepesi vya magurudumu madogo, vinavyosukumwa na mtu wa nyuma, mara nyingi gurudumu halitoki bila spana nyingine. Kwa hiyo kazi inafanyika palepale penye finyu.

Hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Wanakwenda dukani au mtandaoni, wanatafuta spana "fupi", wanaletewa kitu ambacho hakiwasaidii. Manake neno fupi lina maana mbili kwenye spana hizi, na wauzaji wengi hawazitenganishi.

Ya kwanza ni shingo fupi. Mpini unabaki mrefu kama kawaida, lakini kile kipande kinachoingia kwenye bolti kimepunguzwa, wakati mwingine hadi chini ya sentimita moja na nusu. Hii ndiyo ya kununua pale ambapo kitu kimezuia juu ya kichwa cha bolti. Nguvu yako haipungui, kwa sababu nguvu inatoka kwenye urefu wa mpini.

Ya pili ni spana fupi yote, mpini na shingo. Hii ni ya mahali ambapo mpini mrefu unagonga kitu ukizungusha. Inaingia kila kona, lakini haina nguvu. Bolti ya breki utaizungusha nayo mpaka ifike mwisho, halafu utajiuliza mbona haikazi. Kwa skrubu ndogo ya kushikilia kitambaa cha kiti, sawa. Kwa breki, hapana.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata peni moja, jiulize: nimezuiwa juu au nimezuiwa pembeni? Na peni yenyewe itakusaidia. Sarafu ya peni moja ya Uingereza ina upana wa milimita 20 na kidogo. Senti moja ya Marekani ni milimita 19. Isimamishe kati ya kichwa cha bolti na kile kinachokizuia. Isipoingia, spana ya kawaida ya milimita 5 isahau, tafuta shingo fupi. Ukishajua hilo, pima na pembeni: tundu la pembe sita linataka uzungushe sehemu moja ya sita ya duara ndipo uchomoe na kuingiza tena. Kama mpini hauna hata nafasi hiyo, shingo fupi peke yake haitakuokoa.

Kuna na kinyume chake. Bolti nyingine imezama ndani ya shimo la plastiki, kama zile za kushikilia sehemu ya kuwekea mkono kwenye viti vingine. Pale shingo fupi haifiki chini. Ndiyo maana sisemi tupa zile za kawaida. Nasema usidhani fupi ni bora kila mahali.

Baada ya urefu, jambo la pili ni kukaa sawasawa kwenye tundu. Penye nafasi finyu huwezi kusukuma spana iingie vizuri kwa mkono mzima. Unaishika kwa vidole viwili. Ikiwa imelegea hata kidogo, pembe zinakwenda. Mlioko Marekani muwe waangalifu hasa, maana viti vingine vinatumia inchi. Spana ya 5/32 ni milimita 3.97, kwa hiyo inakaa kwenye tundu la milimita 4 bila shida kubwa. Lakini ya 3/16 ni milimita 4.76. Ukiiweka kwenye tundu la 5 utahisi kama imeingia, na ukiikaza ndipo utajua haikuingia. Zile spana za bure zinazokuja na meza na makabati ya kujifungia mwenyewe, zenye chuma laini, ziache na kabati lake. Ncha ikishakuwa ya mviringo, inaharibu kila bolti inayoguswa.

Na za nyota? Torx ilitokea Marekani miaka ya 1960, na leo iko kila mahali kwenye baiskeli. Vijana wetu wanaopeleka chakula kwa baiskeli London na kwingineko wanaifahamu: ile sahani ya breki kwenye gurudumu mara nyingi imefungwa kwa bolti sita za T25. Faida ya nyota ni kwamba inashika kwa mbavu badala ya ncha za pembe, kwa hiyo haitelezitelezi. Hasara yake ni kwamba inakudanganya. T20 inaingia kwenye tundu la T25, inazunguka kidogo, unaona kazi inakwenda, kumbe unakula mbavu. Jaribu namba kubwa kwanza, ukikataliwa ndiyo ushuke. Ukishuka kutoka juu huwezi kukosea.

Zile zenye ncha ya mviringo kama gololi, zinazoingia kwa kuinama, nazipenda kwa kuzungusha haraka. Lakini zisiwe za kukazia mwisho. Gololi inagusa sehemu ndogo sana ya tundu, na shingo yake nyembamba inaweza kukatika ndani. Racheti ndogo yenye vichwa vya kubadilisha nayo si jibu la kila kitu: kichwa cha kawaida peke yake kina milimita 25, hujaweka racheti yenyewe. Umerudi palepale.

Wapo pia mafundi wanaochukua spana ya kawaida na kuikata shingo kwa grainda. Ni akili nzuri na ni rahisi. Sharti moja: chuma kisipate moto mpaka kibadilike rangi. Kata kidogo, chovya kwenye maji, kata tena. Kikishaungua, ugumu umekwisha, na umejitengenezea ile spana laini ya kabati.

Najua mama zetu watasema nini. Wangu alisema: "Mwanangu, usijitie ufundi, muite mwenyewe." Na ana haki, kwa sababu kule alikokulia fundi yuko barabarani, unamwita kwa jina, anakuja na kikapu chake, mnamalizana kwa chai. Huku unapiga simu, unapewa tarehe. Siwalaumu mafundi wa huku. Nasema tu kwamba kati ya simu na tarehe, mzee atahamia kitandani mara nyingi.

Mipaka ipo, tuiheshimu. Kiti cha mkopo kutoka NHS si mali yako. Waulize unaruhusiwa kugusa nini, na kwa kawaida matengenezo yao hayana malipo. Kiti cha umeme, mimi sifungui hata kifuniko. Na kabla ya kuisogeza breki yoyote, jaza upepo kwanza, kama tairi ni la upepo. Breki nyingi zinazoonekana zimelegea ni tairi lililolainika, na ukisogeza breki halafu mtu akaja kujaza upepo, haitafunga tena. Ukishakaza, sukuma kiti kitupu kwa nguvu, pande zote mbili, kabla mtu hajakikalia.

Lakini kukaza bolti ya breki iliyolegea kuko ndani ya uwezo wa mtoto yeyote aliyekua akifunga makabati ya nyumba nzima kwa sababu yeye ndiye aliyejua kusoma ile karatasi ya michoro. Tulisoma barua za benki tukiwa na miaka kumi. Tulitafsiri kwa daktari. Na hili ni letu. Wiki hii ukienda kwa wazazi, wasalimie, kunywa chai, kisha chukua sarafu moja mfukoni, piga magoti kando ya kiti, na upime nafasi iliyopo juu ya bolti ya breki. Hiyo ndiyo itakayokuambia ununue nini.